Viatu vya Mzee Lwaboshi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo Mzee Lwaboshi ameniita. Hatimaye! Nilivaa shemizi nyeupe, lile shati langu la Pasaka. Nilijua tu ni habari ya Régine, binti yake. Tangu lini nampita Régine kwenye cherehani yake nikijifanya natafuta uzi? Nyumbani kwangu kuna uzi wa kushona kambi nzima ya Dzaleka, na sindano sina.

Haikuwa habari ya Régine. Ilikuwa habari ya miguu.

Mama yake Mzee yuko Kigoma, kwa binti yake mdogo. Yeye na Mzee walipotezana wakati wa kukimbia vita kwao Fizi, Kongo. Huko njiani mtu fulani, Mungu amhukumu, alimwambia bibi kwamba Lwaboshi amekatwa mguu. Tangu siku ile bibi haamini kitu. Mzee anampigia simu: Mama, ni mimi, niko mzima, natembea. Bibi anajibu eti simu haina miguu. Anataka foto ya karatasi, ya kushika mkononi, kutoka nywele mpaka viatu. Sasa anaumwa, na amesema hawezi kufa kabla hajaiona. Mama Espérance, yule anayefuata vitenge na dagaa Kigoma, anaondoka Jumamosi. Atampelekea.

Mzee akasema: piga foto hiyo vizuri, mama yangu atulie, halafu Jumapili uje na wakubwa wako tuzungumze ile habari yako. Ile habari yangu! Kumbe anajua! Kumbe hata uzi wenyewe anajua!

Nilikubali mbio. Lakini moyoni niliumia. Miguu! Mimi Apollinaire, artiste, nipige miguu? Miguu ni kazi ya Raphaël. Huyo njo adui yangu. Ana studio karibu na soko, na pazia la plastiki lenye ndege. Bantu wanasimama mbele ya ngazi ya ndege, mikono mfukoni, viatu vinang'aa, na wanalipa. Mimi napiga nyuso. Mradi wangu unaitwa Macho Ndani: sura tupu, nyeusi na nyeupe, karibu kabisa, macho yamefungwa. Mpaka leo hakuna aliyechukua hata moja. Waliopigwa wenyewe wanazikimbia. Nabii hakubaliwi kwao.

Lakini ile sura ya Mzee! Ile mikunjo! Nimepata akili. Foto moja ya miguu kwa bibi, zingine zote kwa mradi. Mzee hatajua.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Raphaël ana taa ya umeme. Mi nina ubongo.

Nilifunga chandarua juu ya miti miwili ili jua likipita liwe laini. Kwa mwanga wa chini nilihitaji bati. Bati zuri hapa kwetu ni moja tu: mlango wa choo cha Vénérande, mwenye nyumba wangu. Niliung'oa asubuhi. Sikujua kama yuko ndani! Alipiga kelele mpaka kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi ikanyamaza. Nikamtupia kitenge ajifunike, nikamwambia ni kwa ajili ya sanaa. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wazee wana methali kwa kila kitu, hata kwa mlango wa choo.

Mzee alikuja na viatu ndani ya mfuko. Amevinunua Old Town, kule Lilongwe, kwa kazi hii tu, vya rangi ya maziwa na chai. Alitembea na kandambili ili visipate vumbi, akavivaa hapa, akafunga kamba taratibu, akasimama wima kama mbele ya padri. Akauliza: viatu vinaonekana? Nikasema vinaonekana.

Nikamwambia tuanze na sura, ili kamera ipate moto. Ni uongo, lakini mdogo. Afumbe macho. Afikirie mto wa kwao. Yesu wangu, sura ile! Nilipiga na kupiga. Akauliza tena: na viatu je? Nikasema bado kidogo, Mzee. Jasho lilimtoka. Mwisho nikalaza lile bati chini, mbele ya miguu yake, nikarudi nyuma, nikapiga foto moja, nzima, na betri ikakata roho papo hapo. Sikuiona. Akauliza mara ya tatu. Nikamwambia viatu vimetoka vizuri kuliko vyote.

Mtu anayejua kazi hana haja ya kutazama.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Siku ya taabu. Umeme hakuna. Raphaël akaniona napita na betri mkononi, akasema nilete kwake ana sola. Alikuwa anacheka meno yote nje. Sikumpa! Leo betri, kesho Régine.

Nimejichajia kanisani, nyuma ya spika. Nikaona sura za Mzee kwenye kioo cha kamera. Nikatoa machozi, na si kwa sababu ya vumbi. Sikufika kwenye foto ya miguu, katekista alikuja akanitoa.

Kuna mkahawa Lilongwe ambapo wazungu wanakunywa kahawa na kutazama ukuta. Msimamizi aliwahi kuniambia nilete kazi moja kwenye fremu, wataona. Kesho naenda! Nitachapisha sura ya Mzee kubwa kama sinia. Fremu nimetengeneza mwenyewe kwa kartoni na kiwi nyeusi. Imependeza sana. Vénérande alipita akaiona, akafanya ishara ya msalaba. Kumbe naye anaguswa na sanaa.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Pigo. Pigo juu ya pigo.

Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, halafu basi mpaka Old Town. Kwenye labo ya foto dada mmoja alifungua kadi yangu. Sura ya Mzee ikatoka, kubwa, tamu. Halafu ile nzima. Dada akauliza kwa upole: huyu baba viatu vyake viko wapi?

Havipo! Lile bati limekula kila kitu. Kutoka magotini kwenda chini ni mwanga mweupe tu. Mzee ameelea hewani kama Bwana Yesu siku ya kupaa. Mtu ambaye mama yake analia kwa sababu ya mguu mmoja, mimi nimemkata yote miwili!

Nilikaa chini pale pale. Dada akaniletea maji. Akasema nisijali, nimpe foto nyingine yenye viatu, atavibandika kwa kompyuta. Tukatafuta kadi nzima. Sura. Sura. Sura. Kazi yangu ya miaka, na hakuna hata kidole cha mguu! Nilikuwa nimeanza kuomba tulipoona moja, niliyoibonyeza kwa bahati mbaya nikihamisha kamera: kiatu cha Mzee, kimoja, cha kushoto, kizuri, mpaka kamba inaonekana.

Dada akakibandika. Kwa upande wa pili akataka kukigeuza kiwe cha kulia. Nikakataa kabisa! Mwanga unatoka kushoto. Kiatu ukikigeuza mwanga utatoka kulia, kila mwenye macho atacheka. Kuna sheria za sanaa! Kirudie vile vile. Akakirudia.

Kwa mbali hakuna tofauti.

Kutoka hapo mkahawani. Msimamizi, mama wa Kimalawi mwenye miwani, aliitazama ile sura ndani ya fremu, akashusha sauti, akanipa pole, akauliza mazishi lini. Nikamweleza yuko hai. Akauliza basi kwa nini nimemfumba macho. Nikamweleza mradi. Akasema wageni wake wanakuja kula, akashukuru kwa Kichewa, zikomo bwana, siku njema. Sikupewa hata maji.

Wakati wa kurudi nilipakata fremu yangu. Ndani ya basi mama mmoja alinipisha kiti cha mbele, na konda hakunisemesha kitu. Angalau barabarani wanaheshimu artiste.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Asubuhi furaha, jioni kilio. Niandike kwa mpangilio.

Nilimpelekea Mzee foto nzima. Haoni vizuri karibu. Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akapitisha kidole: kichwa, kifungo, suruali, kiatu, kiatu. Akasema: viwili. Akalia. Mzee Lwaboshi akalia mbele yangu! Akasema mama atalala sasa. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaniita mwanangu. Jumapili nije na mjomba wangu, asubuhi, baada ya misa. Mama Espérance alikuwa anasubiri nje na mizigo. Bahasha ikafungwa, ikaingia katikati ya vitenge. Akaondoka kwenda kulala Mchesi, Lilongwe, kwa dada yake, kwa sababu basi lake linatoka Old Town asubuhi.

Nilikuwa natembea kama nimekunywa. Régine akanifuata mpaka kwenye bomba la maji. Nikadhani anakuja kunipa mkono.

Akasema vyote viwili ni vya kushoto.

Aka! Macho ya fundi cherehani! Aliona mara moja, lakini baba yake alikuwa analia kwa furaha, hakuweza kusema. Akaniuliza najua bibi atafikiri nini akiona mwanawe ana mguu wa mtu mwingine. Akasema bado kuna saa. Nimwambie baba ukweli leo, Raphaël ampige nyingine kabla jua halijazama, niipeleke Mchesi mwenyewe. Baba atakasirika kidogo, atasamehe. Akasema: Apo, njia ya muongo ni fupi. Aliniita Apo! Hajawahi.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Raphaël. Kweli nilikwenda. Alikuwa anampangusa mtoto vumbi kwenye viatu kabla ya kumpiga. Akaniuliza kama betri ilipona. Kwa upole! Ningewezaje kuomba kitu kwa mtu wa namna hiyo? Nikarudi nyumbani.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimepata akili nyingine. Wala haihitaji Raphaël, wala ukweli.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimeshinda! Mpango safi kabisa.

Nilimkuta Mama Espérance stendi Old Town, amekalia mizigo yake, anakula mandazi. Nikamwambia labo ilikosea, ile foto ina kasoro, ya kweli ni hii. Akanirudishia ile bahasha ya miguu ya kushoto. Nikampa sura. Ile kubwa. Pamoja na fremu, maana tayari ilikuwa nayo, na bibi atakuwa na haja ya kuitundika.

Mama Espérance aliifunua kidogo akaifunika haraka. Akauliza kama Mzee mwenyewe ameiona. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona amefumba macho. Nikasema anamuombea mama yake. Maneno mazuri yanakuja yenyewe! Basi likapiga honi, akapanda.

Fikiria huyo bibi. Badala ya viatu anapata sura ya mwanawe, karibu, kila mkunjo. Mama gani anataka viatu? Viatu anavyo kila mtu. Atasahau mguu. Nimemfanyia zaidi ya alichoomba.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Siku kubwa kuliko zote. Mjomba Havyarimana alivaa koti. Alianza na habari za mvua, za mahindi, za ng'ombe waliobaki Burundi ambao hata mimi sikuwajua. Mzee alicheka. Alikuwa na viatu vyake vipya ndani ya nyumba. Akasema akisikia mama amepokea tu, tutaendelea na mambo mengine. Tulikula nsima, ugali wa huku Malawi, na samaki, na Mzee akaniongeza samaki kwa mkono wake.

Régine alileta maji ya kunawa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetengeneza ile habari ya foto. Nikasema nimetengeneza kabisa. Akatabasamu. Nitalikumbuka tabasamu lile.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Sijui niandike nini.

Mama Espérance alimpigia Mzee leo asubuhi, akilia. Alipofika, bibi alikuwa kitandani. Wakamwinua, wakamwekea mito. Akapewa ile foto. Nyeusi na nyeupe. Macho yamefungwa. Fremu nyeusi, kama zile wanazobeba mbele ya jeneza. Miguu hakuna.

Bibi alipiga yowe moja. Binti yake akaja, akaona, naye akapiga. Majirani wakaja. Kabla ya mchana turubai lilikuwa limefungwa uani, moto umewashwa, wamama wamekaa chini. Wamemnyoa bibi nywele. Mama Espérance anawaambia yuko hai, nimemwacha Dzaleka, anakula. Hakuna anayesikia. Nani anabishana na foto?

Mzee akapiga simu mwenyewe. Niliambiwa na Vénérande, aliyekuwa pale. Alisema: Mama, ni mimi, ni mimi Lwaboshi wako. Bibi akasema huyo ni shetani anayetumia sauti ya mwanangu, akaikata. Hali chakula tena. Hanywi.

Sikuelewa mara moja. Naapa sikuelewa. Vénérande akaniuliza, sisi bantu tunamtengenezea nani foto ya namna ile? Nikakumbuka msimamizi wa mkahawa. Nikakumbuka kile kiti ndani ya basi. Mawe! Mama yangu wee!

Nilikimbia kwa Mzee. Alikuwa amekaa nje juu ya tofali, peku. Viatu viko pembeni yake. Nikaanza kueleza habari ya bati, ya mwanga, ya mradi. Akaniacha nimalize. Halafu akasema: nilikuomba viatu, ukanipa kaburi. Ningefurahi angenipiga.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Bibi anaishi. Niandike hilo kwanza.

Si kwa kazi yangu. Régine alimshika baba yake mkono jana akampeleka kwa Raphaël. Hakuna chandarua, hakuna bati. Mzee akasimama mbele ya ile ndege ya plastiki, macho wazi, mikono mfukoni, suruali imepandishwa kidogo. Raphaël akaituma kwa simu kwa mwenye duka moja Kigoma, yeye akaichapisha, Mama Espérance akaipeleka mbio.

Bibi aliishika. Akaitazama miguu kwanza, sura baadaye. Akaweka kidole kwenye kiatu cha kulia, akaweka kwenye cha kushoto. Akauliza ndege ni ya nani. Akaomba uji.

Msiba umevunjwa. Turubai limefunguliwa. Ila nywele zake, wanasema zilikuwa ndefu, nyeupe zote, na hazijawahi kukatwa tangu Fizi. Alikuwa anazitunza mpaka amwone.

Nililia mpaka Vénérande akagonga ukuta.

Jioni Régine alikuja. Alisimama nje, hakukaa. Sikuwa na uongo wowote tayari, ilikuwa mara ya kwanza. Alisema kama ningesema ukweli ile Ijumaa, angekubali kuolewa na mimi hata kama mimi mwenyewe ningekuwa na miguu miwili ya kushoto. Akaniachia sindano, ile niliyoilipia siku moja nikijifanya nina shida na sikuichukua. Ilikuwa na uzi wake bado. Akaondoka kwa miguu, polepole, na sikumwita, kwa sababu nilikuwa natafuta neno zuri na halikuja.

Jumapili, tarehe 29 Juni

Wiki ya kulala. Nimekula ugali baridi na kutazama dari. Dari halina kitu.

Leo nilitoka. Nikapita kwa mbali upande wa cherehani. Raphaël alikuwa pale, ameinama, anachagua. Anatafuta uzi! Na Régine anamchekea. Nikarudi na njia ya nyuma, kwenye matope ya bomba, nikajipakaza mpaka magotini.

Lakini mateso ni mwalimu. Nimekaa, nimefikiri, nimepima makosa yangu yote bila kujihurumia, na nimeelewa. Bantu hawataki sura. Bibi alitazama nini kwanza? Miguu! Mzee aliniomba nini mara tatu? Miguu! Nilikuwa mjinga. Mradi wa Macho Ndani umekufa, na nimeuzika. Kuanzia leo ni mradi mpya: Nyayo. Miguu tupu, karibu kabisa, nyeusi na nyeupe. Hakuna vichwa. Raphaël atalia! Régine atakapoona ukutani mkahawani atajua alimwacha nani.

Na tazama Mungu alivyo, mteja wa kwanza ameshakuja. Ni Vénérande. Dada yake mkubwa kule Bujumbura hajamwona tangu wakiwa batoto. Mama yao alikufa bila kuacha foto, na dada anataka kuona kama kweli Vénérande amechukua sura ya mama, kama watu wanavyosema. Amevaa hereni. Amechana nywele tangu asubuhi. Mara tatu ameniuliza kama uso unaonekana vizuri.

Nikamwambia asijali, ageuke tu kidogo upande wa jua. Mlango wa choo nimeshaung'oa tena, nimeulaza chini mbele yake, safari hii nimeupima vizuri.

Nimempiga foto ya kandambili tu. Zimetoka vizuri kuliko vyote.